Je, fedha za mdogo wangu zinazuia maombi yangu?

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Binti yangu ana miaka tisa na ana kifafa. Nimemwombea kwa muda mrefu, nimefunga, nimekesha, na bado anaanguka. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi aliniambia kuna dhambi iliyofichika nyumbani kwangu, na kwamba Mungu hawasikii wenye dhambi. Ukweli ni kwamba mama yetu alipofariki tuliuza nyumba yake, na fungu la mdogo wangu wa kiume ninalo mimi mpaka leo. Mama alipougua hakuchangia chochote, mzigo wote niliubeba mimi, nikaona ni haki yangu kulishika. Hatusemeshani. Siku hizi nikipiga magoti maneno hayatoki, na nikiwaza kitu kingine katikati ya sala naanza upya, usiku mmoja hata mara nyingi. Je, niache kuomba kwanza mpaka niwe safi? Nikirudisha fedha mtoto atapona? Na wapo wanaonishauri nisimamishe dawa zake ili nionyeshe imani."

Dada yangu, naanza na mwisho wa barua yako kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Usisimamishe dawa za mtoto. Kuacha dawa za kifafa kwa ghafla kunaweza kuleta degedege zinazofuatana bila kukatika, na hali hiyo huua. Degedege likipita dakika 5, au likifuatwa na jingine kabla mtoto hajarudiwa na fahamu, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Kama anaendelea kuanguka ilhali anameza dawa kama alivyoandikiwa, mrudishe kwa daktari, maana huenda kipimo kinahitaji kubadilishwa, au dawa yenyewe. Wanaokutaka uthibitishe imani kwa kumweka mtoto hatarini wasome tena Mathayo 4. Yesu aliambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu, na mshawishi alikuwa na andiko mkononi. Alikataa, akasema huko ni kumjaribu Mungu.

Sasa nije kwenye kilichokukosesha usingizi. Umeniuliza mambo matatu yaliyosokotwa kuwa kamba moja: kama Mungu anakusikia ulivyo, kama ugonjwa wa binti yako ni adhabu, na la kufanya na fedha za mdogo wako. Nadhani kiongozi wako alikuwa na nia njema, lakini amefunga kwa fundo moja vitu ambavyo Maandiko hayakuvifunga pamoja.

Maneno kwamba Mungu hawasikii wenye dhambi yako katika Yohana 9:31. Tazama nani anayeyasema. Ni yule kipofu aliyeponywa, akijibizana na Mafarisayo waliotaka kumwaminisha kuwa Yesu ni mwenye dhambi. Alikuwa akiwapiga kwa hoja yao wenyewe, na hoja ilikuwa nzuri, lakini si sheria ya kumfungia mtu mlango asitubu. Ingekuwa sheria, hakuna ambaye angewahi kutubu, kwa kuwa toba yenyewe ni maombi ya mwenye dhambi. Mfalme Manase alijaza Yerusalemu damu na sanamu, akaomba akiwa kifungoni, na 2 Nyakati 33 inasema Mungu alimsikia. Mtoza ushuru wa Luka 18 hakuwa na tendo jema hata moja la kutaja. Alijipiga kifua akaomba rehema, akarudi nyumbani amehesabiwa haki, kuliko yule Farisayo aliyefunga mara mbili kwa juma.

La kushangaza zaidi, sura hiyo hiyo ya Yohana inafunguka kwa swali lako la pili. Wanafunzi wanamwona kipofu wanauliza nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Kwa hiyo mtu anayelitoa katika Yohana 9 andiko la kukuhukumu kuhusu ugonjwa wa mwanao ameiruka mistari mitatu ya mwanzo.

Sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Biblia haisemi kwamba dhambi na ugonjwa havijawahi kukutana. Paulo katika 1 Wakorintho 11 anawaambia Wakorintho kwamba wengi wao ni dhaifu na wagonjwa kwa jinsi walivyoishiriki meza ya Bwana, huku wenye chakula wakiwatahayarisha wasio na kitu. Lakini Paulo pale anazungumza na waliokosa wenyewe, na anazungumza akiwa mtume aliyelijua kanisa lile. Hakuna mahali anapotupa ruhusa ya kumtazama mtoto mgonjwa na kurudi nyuma kutafuta kosa la mama yake. Hata yule kijana wa Marko 9, ambaye Mathayo anasema alikuwa na kifafa, Yesu hakumuuliza baba yake ametenda nini. Alimuuliza hali hiyo imemwanza lini. Baba akajibu, kisha akakiri kwamba imani yake ni nusu: anaamini, na anaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Kijana aliponywa kwa maombi ya baba mwenye imani ya namna hiyo. Na kama kuna aliyekunong'oneza kwamba kila kifafa ni pepo, Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo na wenye kifafa kama makundi mawili.

Baada ya kusema hayo yote, siwezi kukuambia kwamba fedha zile hazihusiani na maombi yako. Zinahusiana sana, ila si kwa njia uliyoambiwa.

Kusanya mahali Maandiko yanaposema kwamba maombi ya mtu yamezuiliwa, uyasome kwa pamoja. Isaya 1: Mungu anafumba macho watu wanapokunjua mikono kuomba, kwa kuwa mikono ile imejaa damu, na dawa anayotoa ni kumtetea yatima na mjane. Isaya 58: watu wanalalamika wamefunga na Mungu haoni, wanaambiwa kwamba siku hiyo hiyo ya kufunga wanawaonea wafanyakazi wao. Mithali 21:13: anayeziba masikio asisikie kilio cha maskini, naye atalia asisikiwe. 1 Petro 3:7: mume anaambiwa amheshimu mke wake, kusudi maombi yao yasizuiliwe. Marko 11:25: mnaposimama kuomba, sameheni. Mathayo 5:23 na 24: umefika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, nenda ukapatane naye kwanza. Umeona kinachojirudia? Si waliokosea maneno, wala waliosinzia katikati ya mkesha. Kila mara yuko mtu mwingine, mwenye jina na sura, aliyetendewa vibaya na huyo anayeomba. Wakristo wa mwanzo walilishika hili kwa uzito. Didake, mwongozo mfupi ambao ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya kanisa nje ya Agano Jipya, unaagiza katika sura ya 14 kwamba mwenye ugomvi na mwenzake asijiunge na kusanyiko la Siku ya Bwana mpaka wapatane, sadaka yao isije ikatiwa unajisi.

Ni kwa namna gani jambo kati yako na mdogo wako linagusa jambo kati yako na Mungu? Watu wengi wanafikiri Mungu ananuna, kwamba anahesabu madeni yetu na kukata mawasiliano hadi tulipe. Mimi nadhani kuvunjika kunatokea upande wetu. Adamu alipokula tunda, hakuna andiko linalosema Mungu alijificha. Ni Adamu aliyejificha kati ya miti, na Mungu ndiye aliyekuja akimtafuta. Mtu anayeshika kitu asichotaka kuulizwa hujifunza kuomba kwa kuzunguka. Ni kama kumkaribisha mgeni nyumbani huku chumba kimoja umekifunga kwa kufuli: mtazungumza mengi, lakini macho yako hayatatoka kwenye ule mlango. Ndiyo maana unapiga magoti na maneno hayatoki. Sidhani Mungu ameondoka. Nadhani kila ukifungua kinywa kuna sentensi moja inayotaka kutoka kwanza, nawe unaizuia, na nyingine zote zinakwama nyuma yake.

Kisha kuna Sala ya Bwana yenyewe, ambayo Didake inataka isaliwe mara tatu kwa siku. Ndani yake tunaomba tusamehewe deni zetu kama sisi nasi tunavyowasamehe wadeni wetu. Wewe, dada, unaisali ukiwa pande zote mbili. Unamdai mdogo wako mchango aliokunyima wakati wa ugonjwa wa mama, naye anakudai fungu lake. Kila usiku unayataja madeni yote mawili kwa kinywa chako, hata kama hukukusudia. Maombi ya namna hiyo yanachosha, na uchovu huo ni dalili kwamba dhamiri yako iko hai.

Agostino wa Hippo, askofu na mwalimu wa kanisa la kale, aliwahi kumwandikia mjane aitwaye Proba barua ndefu juu ya maombi. Akauliza kwa nini tuombe ikiwa Mungu anajua tunachohitaji kabla hatujasema. Jibu lake ni kwamba hatuombi ili kumfahamisha Mungu, bali ili tamaa yetu izoezwe na kupanuka, tuweze kupokea anachoandaa kutoa. Nalipenda jibu hilo kwa sababu linaeleza kwa nini matendo yana uzito. Tamaa haizoezwi kwa magoti peke yake. Mtu anayeomba rehema usiku na kuwabana watu mchana anajifunza mambo mawili yanayopingana, na mara nyingi somo la mchana ndilo linaloshinda, kwa kuwa linachukua saa nyingi zaidi.

Zaburi 66:18 inasema kwamba kama mtu angaliwaza maovu moyoni mwake, Bwana asingesikia. Watu wenye dhamiri laini huisoma wakaogopa kwamba kosa lolote lililobaki linaharibu kila kitu. Mtunga zaburi anazungumzia uovu anaoutazama kwa upendo, anaouhifadhi, anaopanga kuendelea nao. Kuna dhambi uliyoanguka nayo ukaichukia, na kuna dhambi uliyoipa kiti ikae. Fedha za mdogo wako, nisamehe nikisema wazi, zimepewa kiti.

Najua utasema: na yeye je? Ni kweli alikuacha peke yako. Kumuuguza mzazi bila msaada wa ndugu ni jeraha, na sikuombi ujifanye halikuuma. Zaburi zimejaa watu wanaomlilia Mungu juu ya ndugu na marafiki waliowatupa. Mwambie Mungu hivyo hivyo, kwa hasira hiyo hiyo. Lakini umefanya jambo ambalo hakuna hakimu anayeruhusiwa kulifanya. Umeisikiliza kesi yako mwenyewe, ukajipa ushindi, ukajilipa fidia, na mshitakiwa hakuitwa. Huenda angeitwa angekubali kwamba kweli unamdai. Huenda ana maelezo usiyoyajua. Hujui, na yeye hajui kwamba unamdai, anajua tu kwamba dada yake amemla.

Njia ziko kadhaa, na hakuna isiyo na maumivu. Unaweza kurudisha fungu lote bila sharti, umwombe radhi kwa kulishika, kisha siku nyingine kabisa umweleze jinsi ulivyoumia alipokuacha na mama. Hiyo ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu inatenganisha kosa lako na la kwake, na msamaha unaoombwa huku mkono mwingine umeshika hesabu ya madai huwa hauaminiki. Inaweza kukugharimu sana, hasa kama sehemu ya fedha umeshaitumia kwa matibabu ya mtoto. Ikiwa ndivyo, mwambie ukweli na mpange namna ya kulipa kidogo kidogo. Njia nyingine ni kukaa pamoja mbele ya mtu mnayemheshimu nyote wawili, mkaweka mezani gharama za kumuuguza mama, mkakubaliana kipi kikatwe. Hiyo nayo ni haki, mradi kinachokatwa kikubaliwe na wote. Njia ambayo siwezi kukushauri ni ile wengi wanaipenda, ya kumaliza jambo moyoni kati yako na Mungu halafu fedha zikabaki zilipo. Zakayo hakumaliza moyoni. Aliahidi maskini nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne.

Ila tazama mpangilio wa habari ile ya Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwa Zakayo kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Alirudisha kwa kuwa amekaribishwa. Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako gumu kuliko yote, kama mtoto atapona ukirudisha. Siwezi kukuahidi hivyo, na anayekuahidi anakuuzia kitu asicho nacho. Rudisha kwa sababu ni za mdogo wako. Ukizirudisha kama bei ya uponyaji, na mtoto akaanguka tena juma linalofuata, utajiona umedhulumiwa na Mungu na kulaghaiwa na mdogo wako kwa wakati mmoja. Shetani katika Ayubu 1:9 anauliza kama Ayubu anamcha Mungu bure. Hilo ni swali kali, na kila mzazi wa mtoto mgonjwa hulisikia.

Kuna maombi ya watu safi yaliyojibiwa kwa hapana. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, ukabaki, akapewa neema ya kuubeba. Yesu aliomba Gethsemane kikombe kimpite, na hakikumpita, naye hakuwa na fungu la mtu yeyote mfukoni. Endelea kumwombea binti yako uponyaji kwa maneno ya wazi kabisa, bila kuona haya. Mjane wa Luka 18 hakuambiwa apunguze usumbufu.

Na usiache kuomba mpaka uwe safi. Mathayo 5 haisemi sadaka ichukuliwe nyumbani. Inasema iachwe pale pale mbele ya madhabahu, kwa sababu mwenyewe anarudi. Ni safari ya kwenda na kurudi. Kinachokwenda kwanza ni miguu kwa mdogo wako, lakini usiku wa leo, kabla hujampigia simu, unaweza kuisema ile sentensi iliyokwama: "Bwana, nimeshika kisicho changu, na naogopa kukiachilia." Hiyo ni sala nzima. 1 Yohana 3:20 inasema kwamba hata pale mioyo yetu inapotuhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu.

Kuhusu magoti, nisikuchoshe. Danieli alipiga magoti, Hana alisogeza midomo bila sauti hadi kuhani akadhani amelewa, na Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 20, uliagiza Wakristo wasali wamesimama Jumapili na siku za majira ya Pentekoste. Mwili unausaidia moyo kukaa tayari, basi. Mgongo ukiuma, kaa.

Hili la kuanza sala upya kila mawazo yanapohama linanihangaisha zaidi kuliko magoti. Mawazo ya kila mtu huhama. Yakihama, endelea ulipofikia, wala usirudi mwanzo, hata kama ndani unahisi kwamba sala imebatilika. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba itupasavyo na Roho hutusaidia udhaifu wetu, na mwenye msaidizi wa namna hiyo hahitaji kusahihisha sentensi zake usiku kucha. Ukiona huwezi kujizuia kurudia, ukilala kwa shida, au hatia ikabaki na uzito ule ule hata baada ya kutubu na kurudisha, mwone daktari au mshauri wa afya ya akili. Kuna hali ya wasiwasi inayojivika nguo za dini, ina matibabu, na kuongeza mifungo huizidisha. Mama anayemuuguza mtoto wa kifafa huku akifunga na kukesha yuko karibu sana na kuchoka kupita kiasi. Ningekuwa mchungaji wako ningekuomba upumzike kufunga kwa sasa.

Kwa mambo mengine ambayo barua haiwezi kuyabeba, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Ungama kwa mchungaji au padre anayejulikana kwa kutunza siri, na asiwe yule kiongozi wa kikundi, angalau si kabla hajajifunza kutoshika hatia za watu kama rungu. Kama mirathi ya mama ilipitia mahakamani, au kama kuna warithi wengine, mwone mwanasheria kabla ya kuhamisha fedha, na kila malipo yaandikwe na kusainiwa mbele ya shahidi. Kama mdogo wako amewahi kukutishia au kukupiga, usiende peke yako. Tuma mzee wa familia. Unaweza kumlipa mtu na kumsamehe bila kumkaribisha tena ndani ya nyumba.

Ukimpigia simu, usianze na habari za mama wala za mtoto kuumwa. Mwambie fungu lako ninalo, nilikosea kulishika, nataka nikurudishie, tuonane lini. Anaweza kukata simu. Warumi 12:18 inatudai amani kwa kadiri ya upande wetu, kwa hiyo akikata, mtumie ujumbe wenye maneno hayo hayo, na fedha zitenge kwa jina lake mpaka atakapokuwa tayari kuzipokea.